Kwa mnaoanza kazi kwenye miradi ya intaneti ya kuvuka mpaka: niliyojifunza kati ya Arusha, Moshi na Namanga

Kila Julai mwaka mpya wa fedha ukianza huwa naona sura mpya hapa Arusha, vijana wameshuka na mabegi yao kutoka Dar, Dodoma, Mwanza, wengine wametoka Kampala na Bujumbura, wamepata mkataba wa mwaka mmoja au wamekuja fildi kwenye mradi fulani wa mawasiliano ya kikanda, na wiki ya kwanza wote wanauliza swali lilelile, dada nisome nini? Mi nina miaka kumi na moja kwenye hizi kazi, nusu nimekaa Arusha nusu Moshi, na mwaka huu nimeona niliandike jibu lote sehemu moja maana nimechoka kulirudia vipandevipande kwenye foleni ya chai.

Jibu lenyewe ni hili. Hela ya kulaza faiba huwa inapatikana, inachelewa lakini inapatikana. Kinachokwamisha intaneti ya kuvuka mpaka ni pale katikati, pale ambapo mradi wa nchi moja umeishia na wa nchi ya pili haujaanza, na kazi yako wewe ambaye mkataba wako una neno "kikanda" ni hapo katikati. Wenzako wengi watakaa kwenye upande wao, wewe usikae.

Mwaka wangu wa pili kazini nilitumwa Namanga na injinia mmoja mtu mzima, alikuwa karibu anastaafu, tulimwita mzee tu. Mradi ulikuwa mdogo, kuunganisha ofisi za upande wetu na za Kenya ili taarifa ziende moja kwa moja badala ya mtu kuvuka na bahasha. Kwenye ripoti ya robo mwaka nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba kebo imefika mpakani asilimia mia pande zote mbili, na kweli ilikuwa imefika. Mzee akaomba nondo, akanyanyua mfuniko wa chemba, akaniambia chungulia. Ndani kulikuwa na maji ya mvua kama ya kufunika kiganja, na kebo nyeusi imezungushwa kama ngata ya mama anayebeba ndoo, ncha yake imefungwa kwa plastiki na selotepu, kikaratasi cha namba kinaning'inia. Akasema haya sasa twende ng'ambo. Tukaomba ruhusa tukavuka, wenzetu wakatufungulia chemba yao, na ndani kebo nyingine imezungushwa vilevile, ncha imefungwa vilevile. Wakati wa kurudi nilihesabu hatua, zilikuwa mia tatu na kidogo. Hapo katikati hakuna mkandarasi aliyekuwa na kibali cha kuchimba, mkataba wa kwetu uliishia kwenye mstari wa mpaka na wa kwao uliishia kwenye mstari huohuo, na eneo lenyewe kila ofisi uliyoiuliza ilikutuma kwa ofisi nyingine. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hela ipo, mwenye hapa ndo hayupo." Zile hatua mia tatu zilituchukua miezi kumi na minne, na sehemu kubwa ya hiyo miezi ni barua.

Nimelielezea kwa kirefu kwa sababu kila mradi mtakaofanya una hizo hatua mia tatu zake, hata kama haihusiani na kuchimba.

Sasa kwanini inakuwa hivyo, hapa ndo inabidi muelewe hela zinavyokuja. Benki ya Dunia haiikopeshi Afrika Mashariki, inaikopesha Tanzania, au Kenya, au Burundi. Mwaka 2007 walipitisha programu kubwa ya miundombinu ya mawasiliano ya kanda, wengi wanaiita RCIP, dola milioni 424, na mtindo wake ulikuwa kila nchi inaingia ikiwa tayari, kwa hiyo Kenya, Burundi na Madagascar wakaanza, sisi Tanzania tukaingia 2009 na dola milioni 100 zetu. Ukisoma jina unaona kanda, ukisoma mkataba unaona nchi, na kila nchi ina mkataba wake, wizara yake, sheria yake ya manunuzi, mkaguzi wake na tarehe yake ya kufunga mradi. Mkongo wetu wa Taifa nao uliojengwa kuanzia 2009 ulijengwa kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka benki ya Exim ya China, unaendeshwa na TTCL, shirika la simu la serikali, na umefika mipakani, Namanga, Horohoro, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga, Tunduma, Kasumulu. Kufika mpakani ni mkopo wetu, kuvuka ni makubaliano na mwenzako. Hivi ni vitu viwili tofauti na vina bajeti mbili tofauti, na mara nyingi hicho cha pili hakina bajeti kabisa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kama chombo, makao yake hapa Arusha, haibebi mikopo ya namna hiyo, inapata ruzuku na michango ya nchi wanachama. Mfano wa karibu ni mradi wa muunganiko wa kidijitali wa mashariki mwa Afrika, EARDIP, uliopitishwa 2023, awamu ya kwanza dola milioni 130, wamo Somalia na Sudan Kusini kama nchi, halafu Jumuiya na IGAD, ile jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kama vyombo vya kanda. Hela ya vyombo vya kanda kazi yake ndo ile ya katikati, kuoanisha sheria, kukutanisha wadhibiti wa mawasiliano wa kila nchi, kuandaa makubaliano. Haichimbi mtaro. Ukija ukiwa na picha kichwani kwamba utasimamia ujenzi utakata tamaa mwezi wa tatu, na ukielewa kwamba kuandika ibara moja ya makubaliano ikakubalika na nchi nane ndo kujenga kwenyewe, utaipenda hii kazi kama mi ninavyoipenda.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa ukipewa mradi, usianze na andiko la mradi lile lenye picha za watoto na kompyuta, anza na mkataba wa fedha. Tafuta vitu vinne tu, nani anadaiwa, tarehe ya kufunga, gharama zipi haziruhusiwi kulipwa, na baada ya kufunga nani anaendesha. Hicho cha nne mara nyingi kimeandikwa kwa sentensi moja ya jumla, "serikali itahakikisha uendelevu", na hiyo sentensi nimeshaona matokeo yake. Nimeingia kwenye ofisi moja ya umma karibu na mpaka, sitaitaja, rauta nzuri ya maelfu ya dola imefunikwa kitambaa cha kufuma, taa hazijawaka, nikadhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Mita ya umeme ya kile chumba ilikuwa ya mradi, mradi ukafungwa, na kwenye bajeti ya ofisi hakuna kifungu cha kununua LUKU ya kile chumba. Dada wa mapokezi aliniambia walikuwa wanachanga wenyewe mwanzoni, elfu tano tano, mpaka wakachoka. Tangu siku hiyo andiko lolote linalopita mikononi mwangu kama halina kifungu cha umeme, cha matengenezo na cha leseni za programu kwa miaka mitatu baada ya kufunga, nalirudisha, na nimeshagombana na watu kwa ajili hiyo na nitaendelea kugombana.

Halafu kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali na wa Jumuiya unaanza Julai mosi, ila mfadhili ana tarehe zake, na tenda za serikali yetu sasa hivi zinapita kwenye mfumo wa NeST chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na mwenzako wa Kenya ana mfumo wake na sheria yake. Ukitaka pande mbili zimalize pamoja inabidi wewe uwe na karatasi moja yenye kalenda zote mbili, hakuna mtu mwingine atakuwa nayo. Mi huwa naibandika ukutani juu ya meza, kwa kalamu za rangi, hivyo tu.

Na kalenda ya maamuzi. Hapa vijana wengi wanapotea kwa sababu wanadhani wataalamu wakikubaliana kwenye warsha basi imepita. Haijapita. Jambo la mawasiliano linaanzia kwa wataalamu, linapanda kwa makatibu wakuu, linaenda Baraza la Kisekta la Uchukuzi, Mawasiliano na Hali ya Hewa ambako wanakaa mawaziri wa sekta, halafu Baraza la Mawaziri, na yale mazito yanaenda kwa wakuu wa nchi, na maamuzi yanakwenda kwa maafikiano, nchi moja ikisema bado ni bado. Kila uamuzi una namba. Jifunzeni kutafuta namba ya uamuzi kabla ya kuandika barua, maana barua inayosema "kama ilivyokubaliwa kwenye kikao" inalala kwenye trei, barua yenye namba ya uamuzi wa Baraza inamfanya mtu ainuke kwenye kiti. Nimeona hii mara nyingi mno.

Tena kumbukeni nchi zetu hazikai kwenye kapu moja. Tanzania iko Jumuiya na iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tulitoka 2000. Kenya iko Jumuiya na COMESA, SADC haipo. Kongo ya Kinshasa iko SADC na COMESA kote, na tangu 2022 iko na sisi kwenye Jumuiya. Kwa hiyo kuna siku utapendekeza kanuni ya romingi, yaani kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, au ya masafa ya mawimbi ya simu, halafu mwakilishi wa nchi fulani ananyamaza tu, unadhani hapendi, kumbe kanuni yako inagongana na aliyosaini kwingine. Muulize nje ya kikao, kwa heshima, atakuambia.

Romingi ni darasa zuri la haya yote. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini walikubaliana eneo moja la mtandao, mtu akivuka anapokea simu bure na kupiga kukawekewa ukomo wa senti 10 za dola kwa dakika, na simu kati ya zile nchi zikaongezeka sana maana watu walikuwa wanataka kuongea siku zote, bei ndo ilikuwa inawafunga mdomo. Hakuna nguzo iliyosimikwa, hakuna mtaro uliochimbwa, ni wadhibiti na mawaziri walikaa wakashusha ada. Lakini angalieni na upande wa pili, kulikuwa na serikali zinazokusanya tozo kwenye simu zinazoingia kutoka nje, hiyo tozo ni mapato, iko kwenye bajeti, na ukimwambia mtu aiondoe lazima umwambie pengo ataliziba na nini. Ukienda kikaoni na hoja ya wananchi peke yake bila hesabu ya hilo pengo hutatoka na kitu. Hazina pia ni wananchi, tujifunze kuongea nao lugha yao.

Sasa tuje upande wa vijijini, na hapa nataka niwaambie kosa langu.

Tanzania tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliundwa kwa sheria ya 2006, makampuni ya simu yanachangia sehemu ya mapato yao na fedha zinaenda kule ambako kibiashara hakuna anayetaka kwenda. Namna inavyofanya kazi ni kwamba kata zinatangazwa, kila kampuni inasema mimi nikijenga mnara hapa naomba mniongezee kiasi hiki, anayeomba ruzuku ndogo na ametimiza masharti anapewa. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713, ruzuku ya serikali shilingi bilioni 126, ikiwa ndani ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali ambao Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 150. Ni mpango mzuri na mi nauamini. Ila kwenye kata za mpakani kuna tatizo ambalo kwenye jedwali halionekani. Nenda Rombo, Tarakea huko, simu yako itakukaribisha Kenya ukiwa umekaa kibarazani kwa shangazi yako. Wateja wa pale wameshazoea kushika mtandao wa ng'ambo au wana laini ya ng'ambo kabisa, kwa hiyo kampuni ya huku ikipiga hesabu inaona wateja wachache, inaomba ruzuku kubwa au haiombi kabisa, na kata inabaki wazi, na mnara wa ng'ambo unazidi kuonekana mtamu. Dawa yake ina sehemu mbili, ruzuku ya huku na mazungumzo ya masafa kati ya wadhibiti wawili ili kila mmoja ashushe nguvu za antena zinazoangalia kwa mwenzake. Ukifanya moja ukaacha ya pili umetupa hela.

Kosa langu lilikuwa kwenye neno "watakaofikiwa". Nilichukua idadi ya watu wa kata mpaka mtoto mchanga nikaandika wote watafikiwa na intaneti, na andiko likapita, likasifiwa. Miaka miwili baadaye akaja mkaguzi, mama mmoja mpole sana, akaniuliza swali moja, wangapi wanatumia? Sikuwa na jibu. Tulikwenda naye kijijini, mnara unaonekana, bendera ya mtandao imejaa kwenye simu yangu, halafu kati ya nyumba tulizoingia wengi wana simu ya kitochi, ile ya kubonyeza, na wenye simu janja wanawasha data Ijumaa mpaka Jumapili tu. Nilijisikia vibaya kwa sababu niliandika kwa nia njema kabisa na bado ilikuwa si kweli. Baadaye nilipoanza kusoma ripoti za wengine nikakuta ndo hali ya Afrika yetu ya kusini mwa Sahara kwa ujumla, watu wanaoishi ndani ya eneo lenye intaneti ya simu na hawaitumii ni wengi kuliko wale ambao mtandao haujawafikia kabisa. Kulikuwa na lengo la Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi kwamba bando la kuanzia lisizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi, lilipangiwa 2025. Hicho ni kipimo kizuri cha kutembea nacho. Ukifika sehemu, chukua bei ya bando la mwezi, uliza kibarua wa shamba la vitunguu analipwa ngapi kwa siku, piga hesabu palepale kwenye daftari. Usiandike watakaofikiwa. Andika watakaomudu, na eleza umejuaje.

Na huduma za kidijitali zenyewe, maana faiba si kitu kama hakuna cha kufanya juu yake. Kuna mama mmoja anauza nyanya Namanga, namfahamu miaka mingi, ana simu mbili na laini tatu, anazitoa kwenye fundo la khanga moja moja kama mtu anayepanga karata. Wateja wake wa ng'ambo wanamlipa kwenye laini ya Kenya, anatoa kwa wakala wa kule shilingi za Kenya taslimu, anavuka, anabadilisha kwa vijana wa kubadilisha hela pembeni ya barabara, halafu anaweka kwenye laini ya Tanzania. Mi nikamwambia mama, tangu 2015 mtu wa M-Pesa ya Kenya anaweza kutuma moja kwa moja M-Pesa ya Tanzania, unahangaika nini? Akanijibu taratibu kabisa. Kwanza yule anayenunua tenga mbili hataki makato, akikatwa ananikata mimi kwenye bei. Pili vijana wananipa bei ya hela ya leo na naiona kwa macho, kule kwenye simu naambiwa nimepata kiasi fulani sijui wamegeuzaje. Tatu, hii laini ya Kenya si yangu, imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto wa dada yangu, ikizimwa leo nimekwisha. Hayo maneno matatu ni sera tatu, makato, uwazi wa kubadilisha fedha, na utambulisho unaovuka mpaka, na hakuna hata moja inayotatuliwa kwa kuongeza spidi. Nilirudi ofisini nikaandika upya sura nzima ya mahitaji. Sura ile ya mwanzo niliiandikia hotelini kwenye warsha.

Kwa hiyo kaeni na watumiaji. Kituo cha pamoja cha forodha cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018 na marais wawili, Holili na Taveta wao walitangulia 2016, na mizigo sasa inakaguliwa upande mmoja tu, ni maendeleo makubwa na walioyafanyia kazi wanastahili heshima. Ila ukikaa pale kutwa na madereva utaona mfumo wa forodha wa huku na wa kule ni programu mbili zilizojengwa na watu tofauti, zinaongea kupitia daraja la kimtandao, na hilo daraja likikatika foleni ya malori inaanza kuonekana kwenye lami ndani ya saa moja. Dereva hajui ni seva. Anajua ndizi zinaiva.

Tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Jumapili. Kebo za baharini EASSy na Seacom zilikatika huko karibu na Durban, na Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, hapa mjini huduma zikasuasua, ujumbe hauendi, watu wanazunguka na simu juu wakidhani ni bando limeisha. Kenya nao waliyumba ila wao walikuwa na njia nyingine, ikiwemo TEAMS, ile ambayo serikali yao iliweka hela pamoja na makampuni mwaka 2009, inayotoka Mombasa kwenda Fujairah upande wa kaskazini, haipiti Durban. Sasa angalia ramani. Kutoka Arusha kwenda Mombasa kupitia Holili na Voi ni karibu kuliko kwenda Dar. Tuko jirani na bandari ya kebo kibao, lakini trafiki haifuati ramani ya barabara, inafuata mikataba, na kama hakuna mkataba wa njia ya akiba ulioandikwa na kulipiwa kabla, siku ya kukatika hakuna mtu atakukimbilia. Nawaomba sana, kwenye kila andiko ulizeni njia ya pili iko wapi na nani ameilipia. Njia ya pili haileti spidi siku za kawaida kwa hiyo kwenye kikao cha bajeti ndo ya kwanza kufutwa, nimeiona ikifutwa mbele ya macho yangu na mwenyekiti akisema tutairudisha awamu ya pili. Simameni hapo, semeni.

Na ya ndani vilevile. Zamani kidogo nilifuatilia njia ya imeili kutoka Arusha kwenda Nairobi, mwendo wa gari asubuhi unafika mchana, imeili ikapitia London ikarudi. Vituo ambako makampuni ya intaneti yanabadilishana trafiki hapahapa bila kuipeleka nje ndo vinaponya hilo, na hapa Arusha tunacho, AIXP. Someni historia ya kile cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, baada ya wiki mbili kikafungwa kwa amri ya mdhibiti kwa sababu kampuni yenye ukiritimba ililalamika, kikarudi Februari 2002. Swichi moja ndogo tu, ilichukua zaidi ya mwaka. Hakuna aliyeshindwa kuiunganisha, ruhusa ndo ilikosekana.

Sheria za taarifa binafsi sitakaa nazo sana ila zisomeni zote, yetu ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, Kenya na Uganda za 2019, Rwanda ya 2021. Kama mradi wako unavusha taarifa za wagonjwa au za wafanyabiashara, mwite mwanasheria mwezi wa kwanza. Ukimwita mwezi wa mwisho atakuambia hapana na atakuwa sahihi.

Kuhusu vikao, ujitolee kuandika kumbukumbu. Wenzako watakukimbizia hiyo kazi kwa sababu haina sifa, wewe ichukue, maana anayeandika kumbukumbu ndo anajua kila nchi ilisema nini hasa, na miezi sita baadaye wakianza kubishana watakuja mezani kwako. Posho za safari zisikupangie kazi, nimeona watu wazuri wanachagua mikutano ya mbali kuliko safari ya Longido ambako ndo kuna shida yenyewe. Na mkikaa na watu wa mpakani ongeeni Kiswahili, kiwe cha kwenye kikao pia, wakuu wa nchi walishakipitisha Februari 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa. Nimeshuhudia kikao kimoja wafanyabiashara wamekaa kimya saa mbili, mtu mmoja akabadilisha lugha, wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

Mtu akikuambia sehemu fulani haiwezekani kufikika kwa sababu ya umbali au milima, mkumbushe Agosti 2022 intaneti ya kasi ya TTCL ilifika Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro. Nilikuwa Moshi wakati huo na nilifurahi sana, na jioni ileile nikamfikiria mwalimu mmoja wa huko chini karibu na mpaka anayepanda kichuguu kutuma matokeo ya wanafunzi. Tunaweza. Inategemea nani ameamua na kasaini nini.

Wiki yako ya kwanza usiipoteze kwenye maandiko peke yake. Chukua usafiri wa asubuhi hapo mjini, Namanga ni kilomita mia na kidogo, au kama uko Moshi nenda Holili, saa moja hivi umefika. Beba laini ya huku, na ya kule uazime kwa mwenyeji. Pima intaneti saa mbili asubuhi, pima tena saa moja jioni watu wakishafunga biashara, andika namba zote mbili. Kunywa chai na vijana wa kubadilisha hela, wanajua mtandao gani umeanguka kabla ya mhandisi yeyote. Halafu nenda kwenye kila ofisi ya pale, salimia vizuri, na uliza swali moja tu, chemba ya mwisho kabla ya mstari ufunguo wake anashika nani. Ukipata majina mawili, au ukakosa jina kabisa, piga picha ya mfuniko, andika tarehe, na umpelekee bosi wako Jumatatu asubuhi.